Dhamana ikiisha, mtambo ghali wa sauti hukosa fundi

Vyombo vya sauti vya hali ya juu huuzwa kwa sifa ya kudumu, ilhali dhamana inayoandamana navyo, ile ambayo wenye maduka huiita waranti, kwa kawaida haipiti mwaka mmoja au miwili. Siku chombo kinapozima baada ya muda huo, mnunuzi hutambua jambo ambalo hakuelezwa alipokuwa akilipa: kwamba kadiri mtambo ulivyo ghali na wa kisasa, ndivyo ilivyo vigumu kumpata mtu wa kuutengeneza.

Katika eneo la Mumbuni, pembeni mwa mji wa Machakos, suala hili lina uzito wake. Huku, spika kubwa na mashine ya kuchanganya sauti si mapambo ya sebuleni. Makanisa huvinunua kwa michango ya waumini, mara nyingi baada ya harambee ya miezi kadhaa. Vijana wanaokodisha mitambo kwa harusi, mazishi na mikutano ya siasa huvinunua kwa mkopo, wakitarajia kuulipa kwa kazi za Jumamosi na Jumapili. Mtambo ukizima Ijumaa jioni, harusi ya kesho yake haingoji, na mkopo nao haungoji.

Safari ya chombo kilichoharibika inajulikana. Huanzia kwa fundi wa karibu, ambaye hufungua kifuniko, hutazama, kisha hukirudisha bila kukigusa. Kutoka hapo hupelekwa mjini Machakos, halafu Nairobi, mwendo wa kilomita zipatazo 60, hasa katika barabara ya Luthuli ambako biashara ya spika na amplifaya imeshamiri kwa miaka mingi. Kituo cha mwisho ni kwa wakala wa kampuni iliyokiunda. Jibu la wakala huwa mojawapo ya matatu: bodi nzima ibadilishwe kwa bei inayokaribia ile ya chombo kipya, vipuri viagizwe ng'ambo na mteja asubiri kwa muda usiojulikana, au muundo huo haundwi tena na hakuna lolote linaloweza kufanyika.

Kilichobadilika ndani ya kifuniko

Ni rahisi kumlaumu fundi wa mtaani kwamba hajasoma. Lawama hiyo si ya haki. Mafundi wa Machakos walizifufua redio, vinanda vya kaseti na amplifaya enzi santuri za Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers zilipokuwa zikivuma katika miaka ya 1970 na 1980. Waliweza kwa sababu vyombo vyenyewe viliundwa ili vifunguliwe. Transfoma ilikuwa nzito na ya kuonekana kwa macho. Transista ya kutoa nguvu, kama vile 2N3055 ambayo imekuwa sokoni tangu miaka ya 1960, ilifungwa kwa skrubu mbili na ilipatikana karibu kila duka la vipuri. Aidha, kampuni nyingi zilichapisha vitabu vya ufundi vyenye mchoro kamili wa saketi, na fundi aliyekuwa na mchoro na mita ya kupimia umeme aliweza kuufuata mkondo hadi penye kasoro.

Mtambo wa sasa ni kitu kingine. Amplifaya za aina ya D, ambazo ndizo zimejaa katika spika zenye nguvu zake zenyewe, hazitoi joto jingi na ni nyepesi, faida ambayo kila aliyewahi kubeba spika ngazini anaikubali. Lakini wepesi huo umepatikana kwa kuziweka sehemu zote katika bodi moja iliyobanana, yenye vijisehemu vidogo kuliko punje ya mchele vilivyolehemiwa kwa mashine. Baadhi ya waundaji huimwagia bodi gundi ngumu ili isitikisike, na wengine hufuta maandishi yaliyo juu ya chipu ili washindani wasiige. Pasi ya kulehemia ya kawaida haifui dafu hapo. Panahitajika mashine ya hewa moto, darubini na, zaidi ya yote, mchoro. Mchoro huo kampuni nyingi hazimpi mtu asiye wakala wake.

Kinachofa mara nyingi si chipu hiyo ya ajabu, bali ni kitu cha bei ya chini kabisa. Sehemu ya kugawa umeme, ambayo mafundi huiita pawa saplai, huwa na kapasita zenye majimaji maalumu ndani yake. Majimaji hayo hukauka polepole, na joto huharakisha ukaukaji. Kapasita ya kawaida iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzijoto 105 hukadiriwa kuishi mara mbili zaidi kwa kila nyuzi 10 zinazopungua. Kwa hesabu hiyo, ikifanya kazi katika nyuzi 85 itahimili saa 8,000, na katika nyuzi 65 itahimili saa 32,000. Mwaka mmoja una saa 8,760. Chombo kinachoachwa kwenye umeme usiku na mchana, taa yake ndogo ikiwaka kungoja amri ya rimoti, kinaweza kumaliza saa hizo bila hata kupiga wimbo mmoja. Ndiyo maana vyombo vingi hufa miaka michache tu baada ya dhamana kwisha, na wanunuzi huamini kwamba kampuni zimetega saa ndani yake. Ukweli ni kwamba mhandisi huchagua kapasita inayotosha kwa muda uliopangwa, na muda unaopangwa ndio wenye mjadala.

Umeme wenyewe huongeza madhara. Nchini Kenya umeme wa nyumbani ni volti 240, lakini hupotea na kurudi kwa kishindo, hasa misimu ya mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba ambapo radi ni nyingi. Wapo pia wanaotumiwa vyombo na jamaa walioko Marekani, ambako umeme ni volti 120. Chombo kisicho na uwezo wa kupokea volti zote mbili huungua mara tu kinapochomekwa ukutani bila transfoma ya kupunguza, na hapo hakuna dhamana ya nchi yoyote itakayokubali kulipa.

Gundi mahali pa skrubu

Kwa upande wa hedifoni na spika ndogo zisizo na waya, chanzo cha kifo ni betri. Betri za lithiamu zinazotumika humo kwa kawaida huanza kupungua nguvu kwa dhahiri baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 300 hadi 500. Anayechaji kila siku hufikisha mara 500 katika mwaka mmoja na miezi minne hivi, yaani miezi minne baada ya dhamana ya mwaka mmoja kumalizika. Betri mpya si ghali. Tatizo ni kuifikia. Vifaa vya masikioni vya AirPods vya kampuni ya Apple vilipotoka mwaka 2016, shirika la iFixit la Marekani, linalopima urahisi wa kutengeneza vifaa, lilivipa alama sufuri kati ya kumi, kwa kuwa betri haikuweza kufikiwa bila kukivunja kifaa.

Kwamba hilo si lazima limethibitishwa na wengine. Kampuni ya Fairphone ya Uholanzi ilitoa hedifoni mwaka 2023 na vifaa vya masikioni mwaka 2024 ambavyo betri zake mtumiaji anaweza kuzibadilisha mwenyewe. Hata katika makanisa ya Mumbuni ushahidi upo mikononi mwa waimbaji: maikrofoni ya Shure SM58, iliyoanza kuuzwa mwaka 1966, bado inaundwa, na kichwa chake cha kunasia sauti huuzwa peke yake kama kipuri. Ikianguka sakafuni na kuzimika, hubadilishwa kichwa, kazi ikaendelea. Mfano mwingine ni sahani ya kuchezea santuri ya Technics SL-1200 ya mwaka 1972, kipenzi cha madijei. Kampuni iliacha kuiunda mwaka 2010 na kuirejesha mwaka 2016, lakini zile za zamani zilikuwa zikizunguka wakati wote huo, kwani muundo wake unaruhusu kutengenezwa.

Chombo kizima, lakini hakifanyi kazi

Aina mpya zaidi ya kero ni ya chombo ambacho hakijaharibika hata kidogo. Spika zinazotegemea intaneti huongozwa na programu ya kampuni, na kampuni ikiamua kuacha kuihudumia programu hiyo, mwenye spika hana la kufanya.

Kisa kilichotikisa wapenzi wa muziki duniani ni cha kampuni ya Sonos ya Marekani. Mwishoni mwa mwaka 2019 ilibainika kuwa wateja waliotaka kupunguziwa asilimia 30 ya bei ya spika mpya walitakiwa kwanza kuizima ile ya zamani daima, hata kama ilikuwa nzima. Baada ya siku 21 haikuweza kuwashwa tena na mtu yeyote. Mnamo Januari 2020 kampuni hiyo ikatangaza kwamba baadhi ya bidhaa zake za zamani hazitapata tena programu mpya kuanzia Mei mwaka huo. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba afisa mkuu mtendaji wa wakati huo, Patrick Spence, aliomba radhi hadharani siku chache baadaye, na Machi 2020 sharti la kuzima spika nzima likaondolewa. Spika za zamani ziliachiwa programu yake tofauti.

Kampuni ya Bose nayo ilitangaza Oktoba 2025 kwamba ingesitisha katika mwaka 2026 huduma za intaneti zilizokuwa zikiendesha spika zake za SoundTouch, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2013. Spika hizo zinaweza kuendelea kupiga muziki kwa waya au kwa Bluetooth, lakini sehemu ya kile mteja alichokilipia imeondolewa akiwa amekaa kwake.

Ni vyema ieleweke kwamba visa hivi havihusu bidhaa duni. Mwananchi aliyenunua spika ya mitumba yenye transfoma ya zamani anaweza kuitumia miaka 20, akibadilisha sponji ya ukingo wa koni inapooza na kapasita inapokauka, kwa gharama ambayo fundi wa Mumbuni anaweza kuitaja papo hapo. Jirani yake aliyetumia mara kumi ya fedha hizo ndiye anayebaki na sanduku la plastiki. Wahenga waliosema rahisi ni ghali hawakuwa wameiona bodi iliyomwagiwa gundi.

Sheria inasemaje

Wanunuzi wengi hudhani kuwa dhamana ikiisha na haki zao zimeisha. Kisheria sivyo. Karatasi ya dhamana ni ahadi ya ziada ya kampuni. Haki za msingi zinatoka kwingine. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha, kupewa habari zinazomwezesha kunufaika nazo kikamilifu, na kufidiwa kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, ambayo ni ya tangu enzi za ukoloni, inachukulia kwamba bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara iko katika ubora unaostahili kuuzwa, hata kama hakuna aliyetamka hivyo dukani. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inaongeza kwamba haki zilizomo ndani yake hazifutwi na makubaliano yoyote. Kibandiko cha "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" kilicho ukutani kwa hivyo si neno la mwisho.

Ugumu uko katika kuthibitisha. Mnunuzi anapaswa kuonyesha kwamba kasoro ilikuwemo tangu siku ya kununua, si kwamba umeme wa radi au vumbi ndivyo vilivyokiua chombo. Kwa amplifaya iliyokufa mwezi wa 14, maelezo ya maandishi ya fundi yakitaja sehemu iliyofeli na sababu yake yana thamani kuliko hasira. Risiti nayo, ambayo wengi huitupa pamoja na katoni, ndiyo mwanzo wa yote. Madai yanayotokana na mkataba yanaweza kuwasilishwa ndani ya miaka sita. Yale yasiyozidi Sh1 milioni yanaweza kupelekwa katika mahakama ya madai madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka 2021. Huko mlalamishi anaweza kujitetea bila wakili, na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60.

Sheria hiyo ya mwaka 2012 ina sehemu nyingine isiyojulikana sana, inayohusu ukarabati wa magari na bidhaa nyinginezo. Inamtaka anayetengeneza kumpa mteja makadirio ya gharama kabla ya kuanza kazi, na hawezi kudai zaidi ya asilimia 10 juu ya makadirio hayo. Kipengee hiki kinamhusu wakala wa Nairobi sawa na fundi wa kibandani.

Lakini hakuna mahali katika sheria hizi ambapo kampuni inalazimishwa kuuza vipuri au kutoa mchoro kwa fundi huru. Hilo ndilo pengo lenyewe. Mteja anaweza kushinda kesi na kulipwa fedha, na chombo chake kikabaki kimekufa.

Kwingineko pengo hilo limeanza kuzibwa. Katika jimbo la California nchini Marekani, sheria iliyoanza kutekelezwa 1 Julai 2024 inawataka waundaji wa vifaa vya kielektroniki kutoa vipuri, zana na maelezo ya ufundi kwa miaka saba kwa bidhaa ambazo bei yake ya jumla ni dola 100 au zaidi, na miaka mitatu kwa zile za kati ya dola 50 na 100. Muungano wa Ulaya ulipitisha agizo lake la haki ya kutengenezewa mwezi Juni 2024. Hata hivyo orodha yake imejaa mashine za kufulia, friji, simu na vifagio vya umeme. Amplifaya na hedifoni hazimo. Zitakazoguswa zaidi ni zenye betri, kwani kanuni nyingine ya Ulaya ya mwaka 2023 inataka betri ndogo ziweze kutolewa na mtumiaji kuanzia 18 Februari 2027. Mtengenezaji akishabadilisha muundo kwa ajili ya soko la Ulaya, huenda bidhaa hiyo hiyo ikafika Machakos, ingawa vitabu vya ufundi haviji vyenyewe.

Maswali ya kuulizwa dukani

Wakati mnunuzi ana nguvu ni kabla ya kulipa. Swali la kwanza si sauti inafika umbali gani, bali ni nani Kenya anayeitengeneza na ana vipuri gani sasa hivi. Muuzaji asiyeweza kutaja jina la karakana amekwisha kujibu. La pili ni dhamana inatambulika wapi. Bidhaa nyingi huletwa na wasafiri kutoka Dubai kwa bei nafuu, lakini dhamana ya huko mara nyingi hukubalika katika nchi za Ghuba pekee, na kumrudisha mtu Dubai na spika ya kilo 20 ni gharama kuliko spika yenyewe.

Kamati za makanisa, ambazo hununua kwa fedha za wengi, zingefaa kutenganisha vyombo. Spika isiyo na amplifaya ndani, ikiunganishwa kwa waya na amplifaya iliyo kando, huumiza mgongo wakati wa kuhama, lakini kimoja kikifa kingine kinabaki. Spika yenye kila kitu ndani ikifa, imekufa yote. Mashine ya kidijitali ya kuchanganya sauti ina mambo mengi mazuri, ila kanisa lisilo na mtu wa kuiendesha halinufaiki na hata nusu yake, na ile ya kawaida yenye vitufe vya kuzungusha bado hutengenezwa Machakos. Kifaa cha kudhibiti volti na kuchomoa waya ukutani baada ya ibada ni kinga ya bei ndogo.

Kwa chombo kilichokwisha kushindikana, kukitupa jalalani si njia. Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu taka za kielektroniki iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 pekee iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 nchini Kenya inawapa wenye kuleta bidhaa sokoni wajibu wa kile zinachokuwa baada ya matumizi, na jijini Nairobi kipo kituo cha WEEE Centre kinachopokea vifaa hivyo.

Kabla ya kufika huko, wengi hupitia kwanza kwa fundi. Yeye hukinunua chombo kilichokufa kwa bei ya kutupa, akakiweka rafuni kusubiri cha pili cha aina hiyo hiyo kilichokufa kwa ugonjwa tofauti. Pawa saplai ikitoka kwa kimoja na bodi ya sauti kwa kingine, hupatikana kimoja kizima. Kwa miundo ambayo wakala amesema haiundwi tena, hiyo ndiyo njia pekee ya kupata vipuri iliyosalia Mumbuni.